Simu ya Kioo Iliyozimika Chapwa

Kijana mmoja wa Dar es Salaam anayekusanya simu za zamani aliiwasha moja mbele yangu mwezi uliopita, na ule mlio wake wa kuwaka, kengele tatu ndogo zinazopanda, ukanifanya nishike meza. Ilikuwa toleo lile lile alilokuwa nalo baba.

"Hizi za kwanza za kugusa zinatafutwa sana sasa, dada," akaniambia. "Ikiwa nzima na boksi lake, watu wanagombania."

Nikamjibu kwamba ya baba ipo, na boksi lipo. Sikumwambia kwa nini haijachubuka.

Tuliishi Chapwa, Tunduma. Baba alikuwa wakala wa mizigo mpakani, akishinda kwenye foleni ya malori. Simu ile aliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, na wiki nzima majirani walikuja kuitazama tu. Sisi tulizoea simu za vitufe na tochi, zinazokaa siku nne bila chaji. Hii ilikuwa kioo kitupu. Ukiiinamisha, kigoroli cha mchezo uliomo kilibingirika kama cha kweli. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikipenda kigoroli kile kuliko wali.

Mama alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Asubuhi moja baba akamwachia simu.

"Namba ya dereva wa teksi imo humu. Ukiona dalili tu, piga. Na wewe Atupele, usiiguse."

"Ndiyo, baba."

Mama alipopitiwa na usingizi, nikaichukua, nikajibanza nyuma ya jiko, nikacheza mpaka kioo kikawa cheusi. Nikairudisha polepole chini ya mto wake, nikajipa moyo kwamba itawaka yenyewe.

Mchana mama akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Khanga yake ilikuwa imelowa damu. Alibonyeza simu, akabonyeza tena, akaitikisa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

Nikamkimbilia Mama Zuhura, jirani yetu muuza vitenge aliyetoka Kondoa. Akachomoa laini, akaiweka kwenye kisimu chake cha tochi, akatafuta jina la dereva. Hakuna jina hata moja. Baba aliyahifadhi yote ndani ya simu, siyo kwenye laini.

"Ya Rabi!" akasema. "Kimbia, mwanangu. Kamtafute baba yako mpakani. Mimi nabaki naye."

Nilikimbia kandokando ya malori, moshi wa dizeli ukinichoma koo, nikimuuliza kila dereva kama amemwona baba. Wengine walinijibu Kibemba, sikuelewa, nikazidi kulia. Niliingia kati ya matela, nikatoka, nikarudi palepale. Nilipompata, alikuwa juu ya lori akikagua maturubai. Aliniona tu uso, akaruka chini kabla sijasema neno.

Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kimya.

Tulimzika Ileje, kwa babu. Wazee wa ukoo wakamkalisha baba katikati na kumuuliza simu ilikuwa na kazi gani.

"Nilisahau kuichaji," akasema. "Kosa ni langu."

Mjomba, kaka yake mama, akamwambia mbele ya watu wote, "Ulinunua kioo cha kujionyesha, shemeji. Umemuua mpwa wangu."

Baba akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya bibi, nimeshika gauni lake, na sitawaficha: nilishukuru. Tuliporudi Tunduma baba aliirudisha simu kwenye boksi, akanunua ya vitufe.

Nilipoachana na yule kijana, nikampigia baba, nikamweleza bei ya simu yake.

"Mwache aichukue," akasema. "Hela yake siitaki."

Sijui nilipata wapi nguvu. "Baba, siku ile hukusahau kuichaji."

Nikasikia kuku wake wakiparua nje.

"Niliichaji mwenyewe mpaka ikajaa, Atupele. Niliitazama kabla sijatoka."

Miaka yote hiyo niliamini kwamba nilifaulu kujificha. Sikujua kwamba ni yeye aliyesimama mbele yangu ili nisionekane. Mjomba hakuwahi kumsamehe. Alifariki bila kusemezana naye. Baba alikwenda kumzika, akachimba kaburi pamoja na wengine, na jina langu hakulitaja.