Ekseli ya Upande wa Kulia

Asubuhi ile mke wangu aliendesha, mimi nikalala nyuma kati ya kreti za mikate, sikio sakafuni. Ndivyo tulivyotafuta ugonjwa wa gari letu miaka yote. Mmoja aendeshe, mmoja asikilize.

"Unasikia?" akaniuliza kutoka mbele.

"Nasikia harufu ya mikate."

"Hiyo ni kazi ya pua, mzee. Mimi nimelipakia sikio."

Gari lilikuwa linanguruma nyuma. Sauti nzito, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Akiongeza mwendo inapanda. Akitoa gia na kuliacha lishuke mteremko lenyewe, bado ipo. Kwa hiyo si injini. Ilikuwa beringi ya gurudumu la nyuma, na nilihofu imeanza kuila ekseli, chuma kinachozungusha gurudumu. Tulichobishania ni upande.

"Kushoto," nikasema.

"Kulia. Nikikata kona ya kushoto inalia zaidi. Uzito unaegemea kulia."

"Mwenye sikio chini ni mimi."

"Na umelilaza kushoto. Ungelilaza kwenye kreti ungesema mbovu ni mkate."

Tukagawa mikate madukani. Tukakubaliana kesho yake tulifungue. Mchana alisema kichwa kinamuuma, akajilaza. Hakuamka.

Alikuwa mtu wa kawaida. Alibeba mikate ya tanuri la mtaani tangu binti yetu hajaota meno. Leseni ilikuwa yake. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, yangu chini ya gari. Wenye maduka walimwita Mwendapole. Gari la nyuma likimpigia honi, alisogea pembeni, akachungulia dirishani akasema, "Pita, baba, labda nyumba yako inaungua." Mkate haukuwahi kupondeka mikononi mwake. Aliniita mzee tangu sina mvi hata moja. Mimi si msemaji. Yeye alisema ya kwake na ya kwangu, na mara nyingi ya kwangu aliyapatia.

Wageni wa msiba walipoondoka, gari lilibaki uani. Nikawa nakaa humo, kiti cha abiria. Binti yangu akaambiwa na jirani, akaja.

"Baba, unafanya nini humu?"

"Kuna kivuli."

"Hata sebuleni kuna kivuli."

Akafungua mlango wa dereva, lakini hakuingia.

"Gari bovu uani halimrudishi mama. Ni nyumba ya panya tu. Jumamosi mwenye winchi anakuja kulichukua, likakatwe chuma. Wewe utakuja kukaa kwangu."

"Likitembea je?"

"Na huo mngurumo? Gurudumu lichomoke njiani nikuzike na wewe?"

"Likitembea bila mngurumo."

Alinitazama. Ana macho ya mama yake, ila yeye hacheki upesi.

"Likitembea bila mngurumo nitaliacha," akasema. "Na wewe nitakuacha hapa kwako. Lakini nitaliendesha mwenyewe kwanza."

Nikaanza kushoto. Mtu akifa hushindani naye tena, lakini mimi nilikuwa bado nabishana. Nikapiga jeki, nikategemeza kwa gogo, nikalitikisa gurudumu. Likacheza kidogo. Gari kuukuu halikosi kucheza kidogo. Mimi nikasema, si nilisema? Nikatoa gurudumu, nikatoa dramu ya breki, nikalegeza nati nne za nyuma yake, nikavuta.

Kazi ya kuvuta ekseli tulikuwa tunaifanya wawili. Mimi naishika, yeye ananishika kiuno kwa nyuma, kama watu wanaong'oa muhogo mkaidi. Safari hii nilivuta peke yangu. Ilipotoka ghafla nilianguka chali, ekseli kifuani. Nikasubiri kuchekwa. Jogoo wa jirani akapita, akanitazama, akaenda zake.

Nikaipangusa. Ilikuwa nzima. Beringi inazunguka laini, sili inayozuia oili ni kavu, haijavuja hata tone. Nikaketi chini nayo mapajani.

"Haya," nikasema. "Kulia." Nilisema kwa sauti. Hakukuwa na wa kunijibu, lakini haki ya mtu ni haki yake.

Upande wa kulia sikuhitaji kubishana. Nilipotoa dramu, oili ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli mbili, ilikuwa imejaa humo, nyeusi, na breki zimelowa. Nilipoivuta ekseli nilikuta beringi inayumba, na pale inapokaa chuma kimelika. Nilipitisha ukucha, ukaingia kwenye mfereji. Ekseli ikifika hapo, beringi mpya haisaidii. Utaifunga leo, na kesho itakuwa inacheza tena. Hubadilishwa yote.

Nikaifunga kwenye gunia, nikaenda nayo kwa muuza vipuri vya mitumba. Akaipima na nyingine, urefu, meno ya mwisho, matundu ya nati.

"Hii ndiyo pacha wake, mzee wangu. Imetoka kwenye gari la kubebea maiti. Haijakimbizwa hata siku moja."

Hakujua habari zangu. Nikapitisha ukucha mahali pa beringi. Laini.

"Hata yetu haikukimbizwa," nikamwambia.

Akaniwekea beringi mpya kwa mashine yake ya kushindilia, akanipa na sili. Nyumbani nikasafisha breki, nikapaka sili oili kidogo isichanike, nikaisukuma ekseli ndani taratibu. Hapo ndipo mtu hukosea. Ukiisukuma kwa pupa unaikata sili, na oili inarudi pale pale. Meno ya mwisho lazima yaingie kwenye difu, na huyaoni, unayapapasa. Mke wangu alikuwa akilizungusha gurudumu la pili pole pole mpaka yakubali. Mimi nilikwenda upande wa pili nikazungusha, nikarudi nikasukuma, nikaenda tena, nikarudi tena. Jirani angeona angesema mzee anacheza ngoma. Mwisho yakakubali. Nikakaza nati, nikaongeza oili ya difu mpaka ikachuruzika kwenye tundu la kujazia.

Jumamosi mwenye winchi alikuja, akaegemea geti akila karanga. Binti yangu akaingia kwenye usukani. Mimi nikalala nyuma, na safari hii sikio nikaliweka kulia.

Tukatoka. Akaongeza mwendo. Akatoa gia kwenye mteremko. Akakata kona ya kushoto, akaikata tena kwa makusudi.

"Baba, unasikia nini?"

Nilisikiliza sana. Tairi kwenye lami. Upepo mlangoni.

"Sisikii kitu."

"Kweli kabisa?"

"Kitu hakuna, mwanangu."

Akageuza gari. Getini akateremsha kioo akamwambia yule bwana, "Nenda tu, kaka. Samahani kwa kukusumbua, hatuliuzi." Kisha hakuingia ndani, akaendelea na barabara, njia ya kwenye tanuri. Sikutoka pale chini. Alikuwa ananitazama kwenye kioo, anangoja niseme neno.

Mama yake hakungoja. Kila nilipomaliza kutengeneza kitu aliendesha mwendo mfupi, akatega sikio, akaridhika. Halafu alisema, miaka yote maneno ni hayo hayo:

"Gari limenyamaza, mzee. Sasa ongea wewe."