Jina la Mwenye Shamba

Jasoda alinyang'anywa shamba la miwa na Bisesar, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mchana kweupe, ndani ya ofisi ya bwana ardhi katika mji wa Ba, naye mwenyewe akiwa amesimama papo hapo kajifunika ushungi.

Ardhi ilikuwa ya serikali. Mumewe aliikodi kwa mkataba, akang'oa visiki, akapanda miwa, akafa mkataba ukiwa bado haujaisha. Jasoda akaendelea kulima na binti yake, Kamla. Mkataba ulipokaribia kwisha, Bisesar, ambaye hakuwahi kushika jembe pale, akaanza kuja kila jioni. Mara kaleta biringanya. Mara katengeneza ua bila kuombwa. Siku moja Jasoda alimkuta amechuchumaa mpakani, anapangusa udongo kwenye jiwe la mpaka.

"Mbona shemeji yako kawa mtamu hivi?" jirani yake Phulmati akamuuliza. "Hata mkewe hapelekewi biringanya."

"Anasema atanisindikiza kwa bwana ardhi. Eti mwanamke peke yake hasikilizwi."

"Atakusindikiza au atakutangulia?"

Jasoda alilifikiria hilo njia nzima ya kwenda ofisini. Walipofika, Bisesar akasogea mlangoni kunong'ona na karani mkalimani, Mhindi mwenzao, aliyekuwa akinywa naye kava, kileo cha mizizi cha visiwani kule, kila Jumamosi. Kisha wakaitwa.

Bwana ardhi, Mzungu, akauliza, karani akatafsiri: "Mama, taja jina la aliyekodi shamba, useme kama unataka kuongezewa muda."

Ulimi ukagoma. Kwao mke halitaji jina la mumewe, awe hai au amekufa.

"Baba Kamla," akasema kwa sauti ndogo.

Karani akacheka. "Serikali haikumkodisha Baba Kamla. Jina, mama!"

Alijua fika kwa nini halisemi. Jasoda akamtazama Bisesar kupitia ushungi. Yeye angeweza kulitaja. Bisesar akatazama dari mpaka bwana ardhi akaanza kugongagonga kalamu mezani.

"Mnaona wenyewe, mabwana," ndipo akasema. "Hajui hata shamba ni la nani. Ni la marehemu mdogo wangu. Niandikeni mimi, huyu nitamtunza."

Akaandikwa.

Nje, kwa kuwa hakupaswa kusema na shemeji mkubwa uso kwa uso, Jasoda alimgeukia binti yake, aliyekuwa akiwasubiri. "Kamla, muulize baba yako mkubwa: kwa nini hakulitaja jina?"

"Mwambie mama yako," Bisesar akajibu, "aliyeulizwa ni yeye."

Miwa ilipoanza kukatwa, Bisesar aliwaambia wahamie kibanda cha kando ya mtaro, nyumba anaitaka kwa mwanawe. Kesho yake Jasoda alikwenda Ba peke yake. Akafunua uso mbele ya watu waliopanga foleni, akapaza sauti.

"Raghubir! Raghubir mwana wa Sahadeo! Mume wangu! Ndiye aliyekodi!"

Wanaume wakainamisha macho. Mzee mmoja akatema mate.

"Kumbe unalijua?" karani akasema. "Umechelewa, mama. Mkataba umeshafungwa."

Basi Bisesar anadaiwa shamba lile, kuanzia mtoni hadi reli ya kubebea miwa. Karani anadaiwa aseme waliyonong'ona mlangoni. Na bwana ardhi, ambaye hakuuliza mara ya pili mwanamke yule ananyamazia nini, naye anadaiwa. Hakuna aliyelipa mpaka leo, na Jasoda hajamsamehe hata mmoja.