Nilivyoipata Yamaha ya zamani bure matangani Jilore, na kwa nini siwezi kujisifu nayo

Wakuu wa humu, habari za asubuhi. Walionizidi umri shikamooni, ingawa naona humu hawazidi wawili.

Haya nayoandika ni ya kweli. Yangekuwa ya uongo ningeyapamba nikatoka mtu mzuri.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Malindi, fundi wa kale, tangu bodaboda hazijaingia mjini. Shule niliiacha mapema, basi nukta zikikaa pasipo pake mtanivumilia.

Kila siku naona mwauliza humu, wazee, wapi napata pikipiki ya zamani ya bei ya chini niifanye project. Na mimi nalikuwa na ugonjwa huohuo. Nilitaka Yamaha ya zamani, ile ya kuchanganya oili na petroli kwenye tanki. Ndiyo niliyojifunzia kazi, mali ya bwana mmoja muuza nazi. Huyo bwana akiendesha huku aimba, tena vibaya, watu wakimsikia yeye kabla ya injini. Alikuwa na wake wawili na wote walikuwa viziwi kidogo, nafikiri Mungu aliwahurumia.

Tuendelee.

Nilitafuta sana. Gede nilionyeshwa moja, nikakuta kuku ametagia mahali pa betri. Hapa Malindi kulikuwa na nyingine, lakini mwenyewe keshasikia lile neno vintage, akanitajia bei ya ng'ombe watatu na ndama.

Ya tatu ilikuwa Jilore, kwa mzee nitakayemwita Mzee Charo. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani.

Kwa wasioijua desturi yetu, mtani aweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Kwenu kukifiwa, mtani huja akafanya vituko ili waliao wacheke. Tena hushika kitu cha marehemu akakataa kukiachia mpaka apozwe kwa kuku au kibuyu cha tembo la mnazi. Si wizi. Ni kuwapunguzia watu uzito.

Pikipiki ya Mzee Charo ilikaa nyuma ya nyumba chini ya kibanda cha makuti, imefunikwa gunia. Magurudumu hayana upepo, taa hakuna, kiti kimebaki chuma. Kwenye gurudumu la nyuma kulichomelewa kitu cha duara kama ngoma ya chuma. Nikasema moyoni, nani huyu aliyeiharibu namna hii?

Nikamwomba aniuzie. Akasema, "Siuzi, hiyo yafanya kazi."

Nikacheka mpaka nikashika mti. Nikamwambia, "Yafanya kazi kama wewe, kulala na kupata kutu."

Naye akacheka. Kila nikipita Jilore nilimwomba, kila mara jibu ni lile, yafanya kazi, na kila mara nalicheka. Wakuu, baina ya watani neno halipimwi. Ukiambiwa nyumba yako yaungua, wamuuliza mwenzio kama amekuja na mihogo ya kuchoma.

Basi Mzee Charo akafa. Kifua.

Nikaenda mazishini kama ipasavyo, na vituko nikavifanya. Nikavaa kofia ya marehemu, nikatembea kwa mwendo wake wa kuburuta mguu, hata mjane wake, Mama Sidi, akacheka na machozi yamtoka. Mpaka hapo nalikuwa sina kosa.

Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, nikaondoa gunia, nikaikalia pikipiki. Nikasema sishuki.

Wakaleta kuku. Nikakataa. Wakaleta jogoo mkubwa kuliko yule, nikakataa. Watu wacheka. Wakaleta mbuzi! Kwa mtani, mbuzi ni heshima kubwa mno, na mimi nikasema huyo mbuzi mleni wenyewe, mimi nimekalia changu.

Mama Sidi akaja akasimama mbele yangu, kanga kichwani. Akasema, "Mtani, ukiichukua hiyo mimi nitakula nini?"

Nikamjibu, "Olewa na mimi, utakula samaki mpaka uote magamba!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Naye akacheka. Lakini aliendelea kusimama pale kidogo baada ya wenzake kunyamaza. Hilo nililiona, wakuu. Sitawadanganya kwamba sikuliona.

Mwisho ndugu wa marehemu, mzee Katana, akasema, "Mpeni aende nayo. Maiti angoja."

Maiti angoja. Na mimi nikashuka nikaisukuma nikaenda zangu, nacheka peke yangu njiani.

Mke wangu alipoiona akaniuliza kama kweli nimekataa mbuzi. Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani, na siku mbili nilikula chakula bila kuambiwa karibu.

Kazi ya kuifufua sitaisimulia yote, goti langu hili la kulia lingewaeleza vizuri zaidi. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha ringi za pistoni, nikafunga spoki mpya moja moja. Kilichonishangaza ni injini. Nalitegemea imekufa, kumbe ilikuwa laini, ina oili safi. Mtu aliyetumia akili angejiuliza.

Mimi nilichukua grinda nikaikata ile ngoma ya nyuma, nikaitupa kwenye vyuma chakavu, likapita gari likavibeba. Nataka original, nikajisemea. Nikapaka rangi nyekundu, mistari myeupe. Ikipita sokoni watu wasimama.

Miezi minne baadaye nikaipeleka Jilore kuwaringia.

Nikampata Mama Sidi njiani, anapanda kutoka mtoni na dumu la maji kichwani na jingine mkononi. Mama wa umri wake. Akalitua, akanikagua mimi, akaikagua pikipiki, akasema, "Mtani, umemvisha punda wangu nguo za arusi!"

Nikacheka. Kisha nikauliza maji mengi hivyo ni ya nini.

Akanionyesha shamba. Wakuu, bamia zilikuwa zimesimama vijiti vitupu. Bilingani, mchicha, vyote. Kilichobaki kijani ni vitalu vitatu karibu na njia, ndivyo anavyovimudu kwa dumu.

Pampu ilikuwa pale kando ya mto, chini ya bati. Mzee Charo alikuwa akiikokota pikipiki mpaka pale, anainua gurudumu la nyuma, anapitisha mkanda kwenye ile ngoma mpaka kwenye pampu, maji yanapanda shamba zima. Kwa hiyo hakuhitaji upepo wala taa. Ndiyo kazi aliyokuwa akiniambia miaka yote.

Nikamwambia, "Mama, mbona hukunieleza?"

Akasema, "Nilikueleza. Nilikuuliza nitakula nini."

Nikamnyooshea ufunguo, nikamwambia chukua, ngoma nitakuundia nyingine, nisamehe.

Akarudi nyuma kama nimemnyooshea nyoka. Akamwita mzee Katana. Naye akaniambia wazi kwamba kitu alichoondoka nacho mtani siku ya mazishi hakirudi tena kwenye mji wa wafiwa. Kukirudisha ni kuuita msiba mwingine. Ningepokea mbuzi, yangeishia palepale. Mimi mtani mzima nalijua hilo tangu utoto, ila siku ile nilipenda kulisahau.

Basi tukakubaliana hivi. Pikipiki ni yangu. Kila Jumanne na Ijumaa naipanda mpaka mtoni Jilore, nafunga ngoma mpya niliyoiunda kwa jante ya gurudumu kuukuu, napampu mpaka adhuhuri, nafungua, narudi Malindi. Bamia zimeanza tena. Zile zilizokufa hazikufufuka, na ule msimu wote Mama Sidi alikula alivyokula, sijathubutu kumuuliza.

Kilichonifanya niandike ni Ijumaa iliyopita. Walikuja wageni wa kanisani kwao, wakanikuta mtoni nimelowa mpaka kiunoni. Mama Sidi akawaambia, "Huyu ni mtani wa marehemu, hutoka Malindi kuja kuninyweshea shamba, na hataki hata chai."

Mgeni mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akuzidishie, mzee. Watu kama nyinyi wamekwisha."

Nikasema amina.

Mama Sidi akanitazama, wala hakucheka.

Vijana mnaotafuta pikipiki za zamani, somo langu ni hili. Ukiikuta mahali imekaa kama takataka, uliza inafanya kazi gani, na ukijibiwa sadiki. Na mtu akikuuliza atakula nini, usimjibu kwa mzaha hata kama desturi yakuruhusu.

Watani wenzangu mliomo humu, nanyi nisemeni, nimezoea. Ila naomba mnijibu moja: wale wageni niwatafute kanisani niwaambie ukweli, au nitakuwa namwaibisha mama wa watu aliyenistiri?