Mtindi wa Sikukuu Usiotiwa Sukari

Mke wangu alirudi kutoka Dar na tumbo la ukubwa wa kikombe cha kahawa. Hapa sitii chumvi. Chumvi nitaitia mbele. Magoti yake na presha yake vilikuwa vimeshafanya shauri moja la kumwangusha, daktari akasema dawa iliyobaki ni kulipunguza tumbo. Wakalikata, wakamwachia kipande chembamba kama ndizi. Watu wa mtaani kwetu Tibirinzi tukawaambia kapasuliwa nyongo.

"Wakijua ukweli," alinionya tukiwa bado kwenye boti ya Mkoani, "watasema nimevuka bahari kwenda kununua njaa."

Nikaapa kutosema. Na kiapo hicho kwangu ni kizito, maana hata usingizini nasimulia.

Tulipewa masharti mengi, lakini lililonikaa rohoni ni moja: sukari. Tumbo lile jipya halina pa kuizuia, inateremka mbio, na mwili unapigwa na mshtuko. Tulidhani ni maneno ya kutisha wagonjwa. Jioni moja akaonja kalimati, moja tu, iliyolala kwenye shira ya sukari. Hata chai haijapoa, jasho likamtoka kama kamwagiwa ndoo, moyo ukamwenda mbio, akalala juu ya mkeka akinishika mkono. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka. Ilipopita, tulibaki tumekaa tunatazamana kama watu waliookolewa kisimani.

Tangu siku ile akaogopa kila kitu kitamu, hata papai. Akala mayai, akala samaki wa kuchemsha, akanywa supu, na uso wake ukazidi kuwa mdogo. Siku moja akaniambia, "Mume wangu, nataka kitu cha mwisho wa chakula. Si halua. Kitu kidogo tu cha kunambia kuwa nimekula."

Nikaingia jikoni. Mimi biolojia niliisoma katika masomo ya usiku, mtu mzima na ndevu zangu, nimebanwa kwenye dawati la watoto magoti yakinigusa masikio. Tumbo la binadamu nalichora nimefumba macho. Kumbe kulichora na kulilisha ni mambo mawili.

Nilianza na mayai na maziwa, nikayapika kwa mvuke na kungumanga. Yakatoka magumu hata paka wetu akayazunguka mara mbili akaenda zake. Nikaponda parachichi na maziwa na hiliki. Hilo alikula vijiko viwili, akasema lina ladha ya hospitali. Mwisho nikachukua mtindi, nikautia kwenye kitambaa safi, nikauning'iniza juu ya beseni mpaka maji yote yakachuruzika ukabaki mzito kama samli iliyoganda. Nikautia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, maana aliambiwa apate cha kujenga mwili, kisha mdalasini, hiliki, na vipande vya embe vidogo kama kucha ya mtoto. Sukari, hata chembe.

Akala kijiko kimoja, akangoja. Na mimi nikangoja, macho kwenye kipaji cha uso wake nikitafuta jasho. Akala cha pili. Cha tatu akakilamba mpaka mgongoni.

"Huu," akasema. "Huu ndio."

Ningekuwa na mzinga ningeupiga.

Furaha hiyo ikafika mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoanza kukatika, nikakumbuka Sikukuu. Kwetu siku hiyo unaingia nyumba kwa nyumba, na kila nyumba sahani iko mbele yako: halua, visheti, tambi za sukari. Hutoki mdomo mtupu. Ukikataa, mwenye nyumba atakubembeleza. Ukikataa tena, atakumbuka ugomvi wa bibi yako na bibi yake.

"Chukua mtindi wako kwenye kopo," nikamwambia mke wangu.

Akanitazama kama nimemshauri atoke bila buibui. "Nitoe kopo langu sebuleni kwa watu? Watasema tunaogopa kulogwa."

Kweli. Hapa kwetu mgeni akija na chakula chake, mwenye nyumba haulizi tumbo la mgeni lina nini. Anauliza jina lake yeye limetajwa kwa mganga gani.

Basi nikapata hila, na nikajiona msomi. Sahani hutembea siku zile, asubuhi kwenda, jioni kurudi, hakuna anayeshangaa. Jioni ya kuamkia Sikukuu nikajaza sahani za mtindi, nikazifunika kawa za ukindu, nikazipeleka katika kila nyumba tutakayoingia. Mwenye nyumba ataiweka mezani pamoja na vyake, na mke wangu atajilia kilicho chake bila mtu kujua. Akakubali, lakini usiku alijigeuza kitandani kama samaki kwenye tenga.

Tulianzia kwa shangazi yangu, aliyenilea. Shangazi huyu akikukazia macho, hata dafu linajiangusha. Katuwekea halua, tambi, kahawa, na katikati sahani yetu. Moyo wangu ukakaa kitako. Mke wangu akachota kijiko.

Hapo ndipo nikaona mtindi unang'ara. Mtindi wangu haukuwa wa kung'ara.

"Kula mwanangu," shangazi akasema, anatabasamu. "Jana nliuonja. Masikini, mkamwana kasahau sukari! Nikasema miye, simwaibishi mke wa mwanangu mbele ya wageni. Nimekutilia asali. Asali ya Makangale hino, siitoi kwa kila mtu."

Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni. Kikasimama hapo. Na mimi, ambaye husema na kuku wakanijibu, nikakimbilia kuisifu halua.

"Asali ni dawa," shangazi akasisitiza. "Kula. Au mna wasiwasi na mkono wangu?"

Mke wangu akakirudisha kijiko sahanini. "Shangazi, sikupasuliwa nyongo."

Akamwambia yote. Shangazi akasikiliza kikombe kikiwa hewani.

"Wakalikata tumbo?"

"Ndiyo."

"Wakalitupa?"

"Sehemu kubwa, wakaitupa."

"Na weye hukunambia miye."

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka," shangazi akasema. "Kisha ningekupikia." Akaivuta ile sahani upande wake. Kisha akanigeukia mimi. "Zipo sahani nyengine ulizopeleka?"

Nikamtajia nyumba.

"Na huko wameonja! Unadhani mwenye huruma ni miye peke yangu Tibirinzi hino?"

Nilikuwa nimetega mtego mtaa mzima, na wa kuingia humo ni mke wangu.

Shangazi akachukua buibui lake. "Twende. Naonja miye mbele."

Nyumba ya pili wametia maziwa matamu ya kopo. Shangazi akaonja, akatikisa kichwa, akala sahani nzima ili mwenyewe asiudhike. Ya tatu wameufunika kwa tende zilizopondwa. Ya nne wamenyunyiza sukari ambayo bado inalia menoni. Kila nyumba mke wangu alimeza mate, akanywa maji funda moja moja, na rangi ikazidi kumtoka. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Nami kila nyumba nilimsikia shangazi akimnong'oneza mwenyeji, kwa mnong'ono wake unaosikika mpaka mji wa Wete, "Tumbo lake limekatwa, usimlazimishe." Siri yetu ikatutangulia njiani.

Nyumba ya mwisho ni ya jirani anayesifika kwa uvivu; hata mapazia yake hungoja upepo uyafungue. Sahani yetu ilikuwa bado kwenye friji lake, kawa juu yake, kama nilivyoiacha. Hakuionja wala hakuifunua.

Shangazi akaitoa, akachota, akaonja, akafumba macho. "Hamna kitu humu," akasema. "Mvivu huyu, Mungu ambariki."

Mke wangu akala kijiko. Shangazi, mimi na mwenye nyumba tukamtazama kipaji, hakuna aliyegusa kahawa. Akala cha pili. Feni ikazunguka. Hakuna jasho.

"Mbona mnanitazama?" akasema. "Kuleni."

Na hakuna aliyekula mpaka alipomaliza cha tatu.