Doa la Alizeti

Zulia letu la sebuleni lilikuwa jeupe la maziwa, la manyoya marefu, na kila aliyeingia alinisema. Nani ananunua zulia jeupe Singida, mji wa upepo na vumbi? Mimi hapa. Nilimwambia mume wangu tukiwa bado wachumba kwamba nitaishi kwenye nyumba yenye zulia jeupe, la sivyo nitabaki kwa baba yangu sokoni niuze vitenge mpaka nizeeke. Yeye ni muuza vitunguu, mtu mpole, hapendi ubishi. Tulipopanga nyumba mtaa wa Utemini akaja na zulia begani. Nililipenda vibaya mno. Mtu akikanyaga na viatu nilimtoa nje huku namkaribisha.

Basi mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka kijijini kwake Misigiri. Nilikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shuleni. Nilimtaka mama mkwe akae mpaka nijifungue, anikande, anifundishe kumshika mtoto. Hilo nililitaka kuliko kitu chochote, hata kuliko zulia. Lakini kusema nilishindwa. Mdomo wangu hauna breki, sokoni wote wananijua, ila maneno hayo machache hayakutoka. Mkwe hatumwi. Kumwomba mama wa mume aje akufulie nguo za uzazi ni kumpa kazi, na mtu mwenye adabu anasubiri mkubwa ajitolee mwenyewe.

Yeye naye alikuwa na yake. Alivyolelewa, mama haendi kukaa kwa mkwe bila shughuli. Angekaa bure, huko nyuma wangesema amekimbia njaa. Kwa hiyo aliposhuka kwenye bodaboda nikampa shikamoo, aliitikia marahaba na papo hapo akasema amekuja kutuletea mafuta tu, atalala usiku mmoja, kesho anarudi kwake. Roho yangu ikashuka mpaka kwenye kandambili.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya alizeti ya shambani kwake, aliyoyakamulisha kwenye mashine ya pale kijijini, mazito, bado yana harufu ya mbegu zilizokaangwa. Yalijaa dumu zima, na dumu limezibwa kwa gunzi la hindi lililoviringishiwa nailoni. Hakulipeleka jikoni. Kwake yeye zawadi inawekwa kwanza mbele ya mwenye nyumba, aione, ashukuru, ndipo ikatumike. Akaliweka katikati ya zulia langu jeupe, akaketi karibu yake, akaliinamisha kidogo nione rangi. Gunzi likachomoka.

Nilisikia glo, glo, glo. Mimba ile haikuniruhusu kuruka, nikabaki nimenyoosha mkono tu. Alipowahi kulisimamisha, doa lilikuwa limeshatanda upana wa sinia la pilau, la njano, linang'aa. Mama mkwe alishika kichwa. Akalitazama zulia, akanitazama mimi, akalitazama tena zulia. Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Mwanangu," akasema, "siondoki hapa mpaka hili zulia lirudi lilivyokuwa."

Jamani, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Niliinamisha uso asinione, nikajibu kwa sauti ya msiba, "Sawa, mama."

Kazi ikaanza palepale. Nilitaka kukimbilia sabuni ya unga, akanizuia, akasema sabuni ya unga inakula rangi na kumwachia mtu mikono ya mamba. Alimwaga sembe juu ya doa, akaikandamiza kwa kiganja taratibu, akaiacha inywe mafuta. Tulilitoa zulia nje, tukalitandika juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, maana nyumba nyingi kwetu zina jabali lake, wengine wanaanikia mahindi, sisi tukaanika zulia. Jua kali, upepo wa kutosha. Tukaingia ndani kunywa chai. Tulipotoka tukakuta kuku wa mtaa mzima juu ya zulia langu, wanakula sembe yenye mafuta, wanachakura manyoya kwa raha zao. Niliwafukuza kwa maneno ambayo mkamwana hatakiwi kuyatamka mbele ya mkwe. Mama mkwe akajifanya anafunga kilemba. Tulipolikung'uta zulia, doa lilikuwa limepungua kweli.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha, sitadanganya. Asubuhi alitwanga magadi yale ya kupikia maharage, akayachanganya na maji ya vuguvugu na limau, yakatoa povu, akawa anapiga doa kwa kitambaa kuanzia pembeni kwenda katikati. Alinifundisha nisisugue. Ukisugua, alisema, unayapeleka mafuta chini yakalale. Siku nyingine ilikuwa siki na chumvi. Siku nyingine akachoma magunzi, akachuja maji ya majivu kwa kipande cha kanga, na nyumba nzima ikanuka moshi. Mchana alinipikia mlenda na ugali wa mtama, jioni alinikanda miguu iliyovimba huku ananisimulia alivyomzaa mume wangu wakati wa kuvuna, na alivyokuwa na kichwa kikubwa. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Doa likawa la ukubwa wa sahani. Likawa la kisahani. Hapo ndipo furaha yangu ilianza kuingia mchanga, kwa sababu kila alipokunja kitambaa alisema, "Linakaribia, mwanangu. Wiki hii nitaondoka." Tumbo langu lilikuwa limeshashuka. Usingizi sikupata, nawaza nitakavyoshikwa na uchungu mume wangu yuko mnadani, na mimi peke yangu na ukuta.

Basi nikaanza mchezo wangu. Mama mkwe akienda kuoga, nilichukua kijiko jikoni, nikachovya mafuta yake mwenyewe, nikadondosha kidogo pale palipokuwa panataka kukauka. Matone machache tu. Akirudi anainama, anagusa, ananusa kidole. "Yanapanda kutoka chini haya," anasema. Na mimi naitikia, "Yanapanda, mama."

Cha ajabu ni kwamba doa lilizidi mkono wangu. Naweka matone, kesho yake nakuta kama nimemwaga kikombe. Nikaanza kuamini kweli mafuta yanapanda. Mume wangu naye akachoka na harufu ya siki. Siku moja akiwa anakula alisema kuna vijana wanaosha magari pale barabarani, wana mashine ya maji yenye nguvu, atawapelekea zulia, saa moja tu litakuwa limetoka.

"Hapana," nikasema.

"Hapana," mama yake akasema, papo hapo, kwa ukali kunishinda mimi.

Mume wangu akatutazama sote wawili, akarudi kwenye ugali wake. Nimekwambia hapendi ubishi.

Ijumaa yake, mume wangu alipokwenda msikitini, mama mkwe aliniambia niingie chumbani nikalale, uso wangu umechoka. Nikaingia, nikajilaza, nikakumbuka kwamba asubuhi doa lilikuwa limebaki kivuli tu. Nikainuka polepole, nikapitia jikoni, nikachovya kijiko, nikaenda sebuleni nimekinga mkono chini kisije kikadondosha. Nikamkuta mama mkwe amepiga magoti kwenye zulia. Dumu liko pembeni, gunzi amelibana kwa meno, na anamimina mafuta taratibu kwenye kiganja, anayapaka pale kwenye kivuli.

Tulitazamana. Sikujua pa kuficha kijiko.

Akatoa gunzi mdomoni. "Na wewe umekuja na yako?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Alianza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka, na mimi nikakaa chini kwa shida zangu zote, nikacheka naye, mafuta yakimwagika kwenye gauni. Tulipotulia alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa sababu viganja vilikuwa vinateleza.

"Nilikuwa nasubiri uniambie nikae," alisema. "Kila siku nasubiri. Nikasema labda hanitaki, mtoto wa mjini huyu, na zulia lake jeupe."

"Mimi nilikuwa nasubiri useme wewe, mama. Nitakutumaje?"

Akaweka mkono wake wenye mafuta juu ya tumbo langu. "Unaogopa?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu mimba iingie. Wote walinipa hongera. Nilimwambia naogopa sana, usiku na mchana, na kwamba namtaka mama yangu na hayupo. Nililia kwa sauti, sikujali jirani. Aliniacha nikalia nikamaliza, hakunibembeleza kwa maneno mengi. Alisema tu kwamba yupo, na kwamba shamba la Misigiri lina watu wa kulitazama.

Kisha akasema tuinuke tulioshe zulia sasa, kweli kweli, mume wangu asije akatuona wajinga. Tulipasha sembe moto kwenye kikaango bila mafuta, tukaimwaga ikiwa ya joto, ikanywa, tukaikung'uta, tukamwaga nyingine. Halafu magadi na limau, halafu maji safi, halafu taulo kavu nikilikalia kwa uzito wangu wote, kazi pekee aliyonipa. Tukalitandika juu ya jabali, naye akakaa na kijiti akiwalinda kuku. Jua lilipolegea, zulia lilikuwa jeupe pote. Nililipapasa kwa viganja vyote viwili nikitafuta, sikuona kitu.

Mume wangu aliporudi alilikuta limetandikwa sebuleni. Aliingia hatua mbili juu yake akasimama, viatu mkononi. Badala ya kufurahi, uso wake ulianguka, na hapo ndipo nilipojua kwamba tangu siku ile ya waosha magari naye alikuwa ameelewa, na tulikuwa watatu tuliokuwa tunaliombea lile doa maisha marefu.

"Limetoka," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo, mama, kesho nikukatie tiketi?"

"Tiketi ya nani?" Mama yake hakugeuka hata, alikuwa ananikanda miguu. "Nenda dukani kabla hawajafunga. Kanunue beseni, kubwa, la kumwogeshea mtoto."

Alivaa viatu akiwa bado juu ya zulia langu jeupe, na mimi nikamwangalia tu, akatoka karibu anakimbia. Alirudi na mabeseni mawili.