Spika Nne na Amplifaya ya Kwaya

Wakati wetu mtoto hakuja Nairobi, aliletwa. Mimi nililetwa na treni kutoka Bungoma nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimekalia gunia la mahindi, kuku wawili kwenye kikapu miguuni, na mfukoni barua ya baba kwa mdogo wake. Injini ilitufia karibu na Nakuru, tukakaa pale nusu siku tukinunua karoti dirishani. Nilikula karoti hadi tumbo likauma. Treni ilipoanza kuingia mjini nilikuwa nimetoa kichwa nje, upepo ukinitoa machozi, natazama mapaa ya viwanda yasiyokwisha. Tangu siku ile sijawahi kutulia mahali pamoja.

Baba mdogo Wafula alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Aliishi kwenye nyumba za reli kando ya Barabara ya Jogoo pamoja na mkewe, ambaye nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, na binti yao Nekesa, aliyenizidi mwaka mmoja na maneno elfu. Baba mdogo aliisoma ile barua kwa sauti amesimama mlangoni, kabla sijapewa hata kiti. Mstari wa mwisho ulisema, "Akikusumbua, mrudishe." Akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Kila nilipokosea baada ya hapo hakunichapa. Aliitazama ile Biblia tu, nami nikanyooka.

Maana sikutaka kurudi, jamani! Ningeachaje mitaa yetu ya Eastlands? Tulicheza bano, zile gololi za kioo, mpaka vidole vikapasuka, tukashona mpira kwa makaratasi na kamba, tukajificha na kutafutana kwenye brikicho katikati ya nguo zilizoanikwa huku akina mama wakitutupia kandambili. Jumamosi harufu ya chapati ilitoka nyumba ya tatu na sisi wa nyumba ya tisa tulijua zimepikwa ngapi. Redio moja ikifunguliwa, mtaa mzima ulisikiliza taarifa ya habari. Vijana wa siku hizi wanavaa vitu masikioni na kucheka peke yao barabarani. Sisi ukicheka peke yako uliitiwa mchungaji.

Nikiwa Fomu Tu, kidato cha pili, nilikutana na somo lililonitia wazimu. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu mfupi mwenye koti la kijivu, alikuja na betri, balbu tatu za tochi na waya, akatufundisha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite. Alitueleza kwa maji, kwa kuwa maji tuliyajua vizuri, hasa yalipokosekana. Ukiunganisha bomba moja mbele ya jingine, alisema, maji yanapata taabu zaidi, kwa hiyo kwenye mfuatano unajumlisha tu: nane na nane ni kumi na sita. Lakini ukiyaweka mabomba bega kwa bega, yaani sambamba, maji yamepata njia mbili, taabu inapungua. Hapo ndipo kulikuwa na mtego. Kwenye sambamba unajumlisha moja juu ya nane na moja juu ya nane, unapata moja juu ya nne, halafu unapindua ili upate nne. Darasa zima tulisahau kupindua. Kila mwaka, kila darasa. Mwalimu alikuwa akipita katikati ya madawati akigonga vitabu kwa chaki: "Pindua! Pindua! Wewe pia, pindua!" Jina lake halisi nimelisahau. Kwetu alikuwa Mwalimu Pindua.

Mwaka huohuo kwaya ya kanisa letu, ambayo baba mdogo alikuwa mwalimu wake, iliamua kuimba uwanjani katikati ya nyumba Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Kwaya ya mtaa wa Buruburu ilialikwa, na watu wa Buruburu walikuwa na vyombo vinavyong'aa. Kwa hiyo wetu wakasema lazima tusikike mpaka upande wa pili wa barabara. Kanisa lilikuwa na amplifaya moja ya kukuza sauti na spika mbili. Zikaazimwa nyingine mbili. Jumla nne, kila moja ohm nane, ohm ikiwa ndicho kipimo cha ukinzani, na amplifaya ikakabidhiwa baba mdogo kama mtu anayekabidhiwa mtoto wa mwenyewe.

Fundi wa mtaa alikuwa kijana mmoja, Otieno, tuliyemwita Volti. Alitengeneza redio za kila mtu na hakuwahi kuingia darasa la fizikia hata mara moja. Saa saba mchana, jua kali, alipanga spika zote nne bega kwa bega, akasokota nyaya zote nyekundu pamoja na zote nyeusi pamoja. Nikachungulia nyuma ya amplifaya. Kulikuwa na maandishi: isipungue ohm nne.

"Volti, hii utaichoma," nikasema.

"Wewe! Umetoka ushago, huko kijijini, juzi na kuku, leo unanifundisha stima?"

Nikachukua msumari, nikapiga magoti mchangani nikaandika. Moja juu ya nane mara nne ni nusu. "Nusu ohm, unaona? Na inataka nne!" Watu wakaanza kukusanyika. Volti akajikuna kidevu. "Sawa, profesa. Yako ni gani?"

Nilikuwa nimeshaiwaza. Spika mbili kwa mfuatano, kumi na sita. Nyingine mbili kwa mfuatano, kumi na sita. Kisha jozi zote mbili bega kwa bega. Nikaandika kwa fahari: moja juu ya kumi na sita, ongeza moja juu ya kumi na sita, ni moja juu ya nane. Nikaacha msumari.

Volti aliinama, akasoma, kisha akapiga kelele kama aliyefunga bao. "Moja juu ya nane! Yangu ni nusu, yake hata nusu haifiki! Wazee, nani anataka kuchoma nani hapa?"

Kicheko kilichotoka pale! Masikio yalinichoma. Nikageuka, nikamwona baba mdogo amesimama nyuma yangu na Biblia kwapani. Hakunitazama mimi wala mchanga. Aliitazama Biblia.

Ndipo Nekesa, aliyepita kwa Mwalimu Pindua mwaka mmoja kabla yangu na sasa alikuwa akipiga pasi kanzu za kwaya kibarazani, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Pindua, wewe mjinga! Pindua!"

Pindua! Moja juu ya nane ikawa nane. Na ya Volti ikawa mbili tu, haifiki nne! Niliruka juu nikashangilia kabla mtu mwingine hajaelewa lolote.

Baba mdogo hakujua ohm, alijua breki. Akauliza swali la fundi wa breki: "Una hakika?"

"Ndiyo, Baba."

"Ikiungua, Jumatatu uko kwenye treni."

"Ndiyo, Baba."

Nilisokota nyaya mwenyewe. Nikawasha. Spika mbili zikanguruma vizuri. Mbili zikanyamaza kimya. Volti akakunja mikono. Kisha nikakumbuka balbu za tochi darasani: kwenye mfuatano, balbu moja ikilegea, mwenzake nayo inazima. Nikakimbilia jozi iliyonyamaza, nikakuta waya umechomoka, nikauchomeka. Sauti ilitoka ikawafukuza njiwa juu ya paa! Baba mdogo akashika maikrofoni, akasema "Bwana asifiwe," na nasikia mama mmoja wa ng'ambo ya barabara aliitikia akiwa jikoni kwake. Tuliimba mpaka jioni. Amplifaya ilipata joto kidogo tu, kama mtu aliyetembea.

Siku hizi mpwa wangu anayeishi mtaa wa Fedha ana spika ndogo kama kikombe. Haina waya, inaunganika yenyewe na kumsalimia. Nilimuuliza ndani ina ohm ngapi, akaiuliza simu. Simu ilijibu sawasawa, tena ilipindua. Lakini hakuna aliyeruka juu.

Mimi niliondoka nilipomaliza Fomu Foo, kidato cha nne. Watu wa kukodisha vyombo vya muziki walisikia habari zangu, wakanipa kazi ya kuzunguka nao: Kisumu, Kitale, Garissa, popote penye harusi au mkutano. Nilifunga begi kwa furaha ambayo leo naionea aibu. Mama alinifungia chapati. Nekesa alikataa kutoka chumbani. Baba mdogo alinisindikiza mpaka kituoni, akanibebea begi mwenyewe, na gari lilipofika hakuliachilia begi. Alilishika mkanda kwa mikono yote miwili.

"Nani amekufukuza?" aliuliza.

Nilicheka, nikidhani anatania. Kisha nikamtazama usoni, nikaona hatanii: yeye aliyetishia kunirudisha miaka yote hakutaka niende.