Mstari Niliouchora Chini ya Mstari

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenyekiti wa mfereji alinipeleka kwenye banio, yaani ukuta mfupi unaokinga maji ya mto ili sehemu yake igeuzwe mashambani. Alinionyesha mstari mweupe uliopakwa mwambani. Maji yakishuka chini ya mstari huo, akaeleza, ni lazima nishushe lango la chuma na kuufunga mfereji, ili kilichobaki kiwateremkie wafugaji walio chini ya Nanyuki. Akaniuliza kama najua kusoma. Nikajibu la.

"Vizuri," akasema. "Hutabishana na mstari."

Kwa miaka mingi sikubishana. Lango nililifunga siku chache tu kila kiangazi, kisha mvua ikaja kwa wakati wake. Barafu ya Mlima ilikuwa pana wakati ule. Leo wewe, mjukuu wangu unayeniandikia maneno haya, waniuliza ilikuwa upande gani.

Kiangazi kikaanza kurefuka. Mwaka mmoja nilifunga lango hadi viazi vyetu vikanyauka, ndipo Mwenyekiti wa pili, mtu wa maneno laini, akaja na kopo la rangi. Alidai kwamba mto umechimba sakafu yake, hivyo mstari umebaki juu kimakosa.

"Chora mwingine, mzee, kiganja kimoja chini. Mto hautakushtaki."

Niliuchora kwa mkono wangu huu. Sisi wa juu tukavuna.

Juma la tatu la mavuno walifika wafugaji wawili. Walikuwa wamepanda wakipita ndani ya mto wenyewe, na viatu vyao vilikuwa vikavu. Mkubwa wao aliitazama rangi mpya.

"Mzee, kwenu mto hupimwa kwa rangi," akasema. "Kwetu tunaupima kwa mizoga."

Nilishusha lango mbele yao, nikaukwangua mstari wangu kwa jiwe. Mwenyekiti alitishia kunifukuza, lakini hakupata mwingine wa kuamka alfajiri kwenda mtoni, nami nikaendelea hadi magoti yaliponikataza.

Sasa nimestaafu, na hofu imenizidi. Mvua hunyesha juma moja kwa hasira, ikibeba udongo wetu hadi Nanyuki, kisha hutoweka. Mbu wamefika mahali ambapo baridi iliwazuia. Nimeng'oa mikaratusi ukingoni kwa sababu hunywa mno, nikafunika udongo kwa nyasi kavu, nikachimba kidimbwi cha maji ya paa. Hayo yote ni madogo, kwa kuwa baba yako ameweka pampu mtoni, na pampu haina lango wala mlinzi. Nilimwamuru aizime wakati wa kiangazi. Akanijibu kwa heshima kwamba majirani wote wanavuta maji.

Basi msomee haya, maana sauti yangu ameizoea. Akiizima pampu, kabichi za msimu huu zitakufa. Najua, na sitamficha. Asipoizima, wale wafugaji watapanda tena, na safari hii mtakaokutwa mtoni ni ninyi.